Phiona Yuko Ukutani

Ukitaka tugombane mimi na wewe, niambie gazeti kuukuu ni takataka. Mume wangu Phillip aliniambia hivyo mwanzoni mwa Desemba, nami nikamjibu maneno ambayo sitayarudia hapa kwa sababu bado tunaishi pamoja.

Tulikuwa tumesimama kwenye uwanja wa kwao, Kisoko, wilaya ya Tororo. Mbele yetu ilikuwa nyumba mpya ya matofali, madirisha ya vyuma, mabati mekundu yanayong'aa hadi unafumba macho. Nyuma yetu ilikuwa nyumba ya udongo alimozaliwa. Phillip anapakua malori mpakani Malaba, na ile nyumba mpya ameijenga kwa mgongo wake mwenyewe, kwa hiyo simlaumu kwa kuipenda. Nilimlaumu kwa pupa. Alitaka ya zamani ibomolewe Jumamosi ya kabla ya Krismasi, ili wageni wakija wakute uwanja mpana.

"Na Mama je?" nikamuuliza.

"Mama atahama. Chumba anacho, kitanda anacho, godoro bado lina nailoni yake. Anang'ang'ania nini mle ndani? Magazeti makuukuu yaliyoganda ukutani? Hizo ni takataka, Mama Lenox."

Ndipo tulipogombana.

Mimi ni Msamia wa Busia, upande wa Kenya, na kuta za Krismasi nazijua. Nilipokuwa mdogo, Desemba ikifika, wanawake walikanda udongo na samadi na majivu, nyumba ikasiribwa upya nje na ndani. Halafu sebuleni zikabandikwa karatasi: kurasa za magazeti, kalenda za maduka, picha za mabibi wanaotangaza sabuni. Gundi ilikuwa uji mzito wa muhogo. Mgeni wa Krismasi alikunywa chai huku akisoma ukuta, na akifika mahali habari imekatwa na dirisha anauliza, "Na huyu mwizi alikamatwa?" Mwaka uliofuata hakuna aliyebandua. Karatasi mpya zilibandikwa juu ya zile za zamani, Krismasi juu ya Krismasi, mpaka ukuta ukanenepa.

Watu wengi waliacha mambo hayo kitambo. Baba mkwe wangu, mzee Ofumbi, hakuacha. Kila Krismasi ya ndoa yangu nilimkuta na sufuria yake ya uji na brashi yake ya katani, anatufokea tusiegemee ukuta haujakauka. Tulimzika mwaka ule, siku chache baada ya Pasaka.

Basi nikamwacha Phillip na mabati yake, nikaingia nyumba ya zamani. Mama mkwe wangu, Mama Awor, alikuwa ameketi kwenye kigoda, ameupa mlango mgongo, anatazama ukuta. Jicho lake la kushoto limekwisha kuzibwa na mtoto wa jicho, la kulia linamfaa kwa vitu vya karibu tu. Na hapo ukutani hapakuwa na la kutazama: tangazo la simu, na picha ya mgombea ubunge ambaye hata kura zilimkataa.

"Mama, unatazama nini?"

"Nyara, keti." Ananiita hivyo, binti yangu kwa Kidhopadhola, tangu siku niliyoolewa. "Wewe nasikia vile Phillip anasema. Ati mimi nahama. Mimi siwezi hama nawacha mtoto ndani ya ukuta."

Nilishtuka. Nilidhani kifo cha mzee kimeanza kumchanganya akili, nikamshika mkono.

"Mtoto gani, Mama?"

"Phiona."

Jina hilo nililijua kama unavyojua jina la kijiji ambacho hujawahi kufika. Phiona alikuwa kifungua mimba wa nyumba hii, dada wa Phillip aliyekufa kabla Phillip hajazaliwa. Ana kaburi dogo nyuma ya migomba, na kila Krismasi tunalipalilia. Zaidi ya hapo hakuna aliyemtaja. Siku ile Mama Awor alimtaja mpaka chai niliyojimiminia ikapoa na kufanya utando.

Mwaka wa themanini na tatu Phiona alikuwa na miaka minane. Karibu mwezi wa tisa alikuja mchoraji wa mabango kutoka Tororo mjini, jina lake Ilukor, kuandika jina la kanisa juu ya mlango. Ilukor huyo alikuwa pia anachora majalada ya gazeti la kanisa lililoitwa Kengele. Lilichapwa upande wa Kenya, na toleo lake la Krismasi liliuzwa makanisani pande zote mbili za mpaka. Ofumbi alikuwa mzee wa kanisa, kwa hiyo mgeni alikuja kula kwake, na mgeni huchinjiwa. Jogoo alikuwa mmoja tu. Phiona alimkamata, akamkumbatia, akakataa kumtoa.

"Mimi naita, leta hiyo jogoo!" Mama Awor akaniambia. "Yeye nasimama tu katikati ya uwanja, nashika jogoo kama mtoto mchanga. Nacheka, lakini machozi iko. Ilukor akasema, mama, wacha. Usichinje. Mimi hata kunde nakula. Akatoa karatasi yake, akachora."

Toleo la Krismasi hutayarishwa mapema. Mchoro ukaenda Kenya kupakwa rangi na kuchapwa. Mwezi wa kumi na moja surua ikapita Kisoko, ikamchukua Phiona. Jogoo alichinjwa kwenye matanga yake. Halafu, wiki ya Krismasi, kifurushi cha Kengele kikafika kanisani, na pale juu ya jalada alikuwa Phiona, kwenye gauni la manjano lenye kola nyeupe, amekumbatia jogoo wake. Juu ya kichwa chake kulikuwa na maneno makubwa mekundu ya kuwatakia wasomaji wote Krismasi njema.

Aliponifikisha hapo nilitaka kumpiga mtu, ila sikujua nimpige nani.

Picha nyingine ya Phiona hawakuwa nayo. Mpiga picha alikuwa mjini, na watu walimwendea kwa harusi tu. Ofumbi akabandika jalada sebuleni, mkabala na mlango, mahali pa heshima. Mama Awor alikula akilitazama na kufagia akilitazama. Mwaka uliofuata akashika mimba ya Phillip, na shangazi zake Ofumbi wakaja juu. Mwenye mimba, walisema, hawezi kukaa anatazamwa na marehemu kutwa kucha, huyo aliyekwenda atamwita na huyu anayekuja. Basi Krismasi hiyo Ofumbi akachemsha uji wake akabandika ukurasa mwingine juu ya mtoto wake. Mwaka mwingine akabandika mwingine. Phillip akazaliwa mzima, wakafuata dada zake wawili, walioolewa sasa Mella na Petta, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumwona Phiona kwa macho.

"Miaka yote hiyo, Mama, na hukutaka kumfunua?"

"Mzee alikuwako."

Sikuelewa. Akanieleza polepole, kama mtu anayemfundisha mgeni njia. Sura ya mtoto ilipoanza kumpotea, alikuwa anamuuliza mumewe, alikuwa namna gani? Ofumbi anamwambia. Alikuwa na pengo hapa mbele. Nyusi zake zilikuwa za mama yangu. Akicheka, jicho moja lilifumba kabla ya lingine.

"Mzee akisema, mimi naona," Mama Awor akasema. "Sasa mzee iko chini. Mimi nafunga macho, natafuta. Naona gauni. Naona jogoo. Naona mpaka mguu yake na vumbi. Uso hakuna. Maneno ya mzee niko nayo yote, lakini maneno haina uso. Nyara, mimi nasahau uso ya mtoto yangu."

Nikaisukuma kando chai yangu.

"Mimi iko karibu kwenda," akaendelea. "Kule, watoto iko wengi sana. Wale wa surua peke yake ni wengi. Nikifika, nitamjua aje?"

Mimi nauza mitumba soko la Busia, na wanaonijua watakuambia sijawahi kukosa jibu, si kwa mteja, si kwa askari wa mpakani.  Siku ile nililia tu, na yeye ndiye aliyenibembeleza.

Kubandua ukuta kuliniogopesha, kwa hiyo nilijaribu kwanza njia nyingine. Kama jalada lilichapwa, nilijiambia, si moja lililochapwa. Nilirudi Busia nikaenda kwa Maggie, anayeuza magazeti ya zamani kwa wanaofungia njugu na maandazi. Maggie alicheka hadi akashika kiuno. "La themanini na tatu? Wilkister, hilo lilikwisha kuwa moshi kabla sijaota meno!" Nikaenda kanisani, nikaambiwa Kengele lilikufa zamani na wahariri wake nao wamelifuata. Nikatafuta kwenye simu. Majalada ya Krismasi ya zamani yako tele humo, usiseme. Theluji, mzee mnene mwenye ndevu nyeupe, watoto wenye mashavu mekundu wanaota moto. Wenyewe wameyatunza majalada yao, wameyatia fremu na kioo, wanauziana kama dhahabu. Nilitembeza kidole mpaka bando likaisha. Hakukuwa na mtoto hata mmoja aliyekumbatia jogoo.

Mwishowe nikaenda Tororo mjini kumtafuta Ilukor. Naye amekwisha kufa. Nilimkuta binti yake, Akiror, anapaka rangi ubao wa saluni kwenye kibanda kilekile cha baba yake. Michoro yote ya mzee, akaniambia, ilikuwa imewekwa darini, na paa lilivuja misimu mingi kabla mtu hajapanda kuangalia. Alinihurumia, akaninunulia soda. Nilipokuwa nainuka akasema, "Lakini jua hili, dada. Baba hakuwa anabuni watu. Alichora yule aliyemwona mbele yake, kila mmoja na uso wake. Kama mama anasema ni mtoto wake, basi ni yeye kabisa."

Maneno hayo yalinipa nguvu njia nzima ya kurudi Kisoko. Laiti ningejua, ningeyaacha hapohapo kwenye chupa ya soda.

Phillip nilimweleza jioni, kwenye ngazi ya nyumba yake mpya. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, nimepanga hoja zangu zote. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si la kawaida yake. Nilipomaliza akauliza kitu kimoja tu.

"Kwa hiyo alifunikwa kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu ya mimba."

"Mimba ni nani, Mama Lenox?"

Akainuka, akampigia simu fundi aliyekuwa aje kubomoa, akamwambia asije. Asubuhi alichemsha maji mwenyewe. Mimi sijawahi kumwona Phillip akichemsha maji tangu tuoane.

Kazi yenyewe tuliifanya mchana kutwa, mlango wazi mwanga uingie. Phillip alikuwa anakamulia kitambaa cha maji moto ukutani, anakishikilia mpaka karatasi ilainike, mimi nabandua kwa kisu butu cha kumenyea ndizi. Mama Awor aliketi kwenye kigoda chake katikati yetu, jicho lake zuri karibu liguse ukuta.

Tangazo la simu likaondoka, na mgombea wetu akaondoka nalo. Chini yake kulikuwa na matokeo ya mitihani ya darasa la saba ya mwaka mmoja, kisha kalenda ya duka la mbolea, kisha bibi wa sabuni mwenye nywele za mtindo ambao hata mimi niliwahi kuusuka. Tulicheka. Phillip alikuta ukurasa aliokuwa anaupenda utotoni, wa mchezaji mpira aliyeruka juu, akasema alijifunza kusoma Kiswahili kwa maneno ya chini yake. Mama Awor alikuwa anaitambua kila Krismasi. "Hii ni mwaka ya njaa." "Hii ni mwaka mzee ananunua redio." Kwa muda nilisahau tulichokuwa tunatafuta, nikaona raha tu ya kukaa na watu wangu na kushuka nao miaka.

Kadiri tulivyoingia ndani nilianza kuona vitundu. Mwanzo vidogo kama vya sindano, kisha vya kupitisha njegere. Vilikuwa mahali pamoja, ukurasa baada ya ukurasa, na pembeni yake kulikuwa na vumbi laini la wadudu.  Nilimwangalia Phillip, naye akaniangalia, akakamua kitambaa.

Rangi ya manjano ilitokea saa za alasiri. Kona tu, upindo wa gauni. Mama Awor akavuta pumzi, akasema, "Ndio hiyo. Ndio hiyo, polepole, nyara." Phillip akanishika kiwiko nisiharakishe. Ikatokea miguu midogo yenye vumbi, kama alivyosema. Ukatokea mkia wa jogoo, wa kijani na mweusi, umechorwa unyoya kwa unyoya. Vikatokea vidole vya mtoto vimezama kwenye manyoya. Ikatokea kola nyeupe.

Juu ya kola hapakuwa na kitu. Palikuwa na tundu la mviringo, kubwa kama kifuniko cha kikombe, na ndani yake udongo mwekundu wa ukuta na njia za mchwa.

Nilibandua pembeni, nikabandua juu, nikijidanganya kwamba uso umebaki nyuma ya karatasi ya juu. Nilitazama vipande vyote vilivyoanguka chini. Maneno ya Krismasi njema yalikuwa mazima, herufi zote. Uso haukuwapo. Nilisikia hasira ambayo sijawahi kuisikia, nikapiga ukuta kwa kiganja, na Phillip akatoka nje. Nikamsikia nyuma ya nyumba akilia kama mtu anayekohoa.

Mama Awor hakulia. Alinyoosha kidole akakipitisha kwenye ukingo wa tundu, taratibu, kulizunguka lote.

"Ni uji," akasema.

"Nini, Mama?"

"Wadudu wanafuata uji. Mzee alitia uji nyingi hapa. Mimi ndio nilimwambia. Alikuwa napaka, mimi iko nyuma yake, nikasema, hapa kwa uso tia tena. Tia tena, isitoke kabisa. Akatia. Akakandamiza na mkono yake, hivi." Akaweka kiganja chake juu ya tundu, kikalifunika lote. "Sehemu zingine alipaka kidogo tu. Sasa unaona, zingine zote iko."

Nini cha kumwambia mtu hapo? Mtu akikuibia unaweza kumlaani. Akikupunja, unaweza kumshtaki. Hawa wawili walichukua uji wa nyumbani kwao, wakaumwaga palipowauma zaidi, na mchwa wakala palepale. Nilimkumbatia kwa nyuma, naye akabaki na kiganja chake ukutani.

"Pengo hapa mbele," nikajaribu kumsaidia. "Nyusi za mama yake mzee. Akicheka, jicho moja linafumba kabla ya..."

"Nyara, wacha."

Nikaacha.

Tulikaa hivyo mpaka Phillip akarudi, macho mekundu, akaanza kuokota karatasi kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Yeye ndiye aliyeona. Aliinama karibu na ukuta, upande wa kulia wa jalada, ambako mimi nilikuwa nimebandua haraka bila kutazama.

"Na huyu ni nani?"

Nyuma ya Phiona, mbali kidogo, Ilukor alikuwa amechora jiko la nyasi, na mlangoni mwa jiko mwanamke amesimama. Alikuwa mdogo, urefu wa kidole gumba. Gauni la kijani lenye maua meupe, kitambaa chekundu kichwani, mkono mmoja umeinuliwa juu. Wadudu hawakumgusa. Alikuwa na uso wake mzima, meno yake yote, mdomo wazi, anaita.

Mama Awor alisogeza jicho lake hadi pua ikagusa karatasi. 

"Msichana mzuri," akasema. "Ni nani?"

 Niliona mabega ya Mama yakibadilika, yakashuka, kabla hajasema neno.

"Gauni ile," akasema. "Gauni ile ni yangu."

Ukuta huo alikuwa ameutazama mwaka mzima kabla haujafunikwa, akila, akifagia, na hakuwahi kumwona huyo mwanamke. Alikuwa na mtu mmoja tu wa kutazama. Sasa mtu huyo ameliwa, na huyu amebaki. Hapo ndipo Mama Awor alipolia, na nisingependa kusikia tena kilio kile kwa mtu yeyote. Alikuwa analia kwa Kidhopadhola, maneno mengi sikuyajua, ila Phillip alinong'ona kwamba anamwambia Phiona basi akae na jogoo wake, hamwiti tena, akae naye.

Tulilibandua jalada lote na tabaka jembamba la udongo wake nyuma, tukalilaza juu ya ubao. Phillip alipendekeza tulikate, tumtoe yule mwanamke tumweke kwenye fremu. Mama alimkatalia kwa ukali. Hakuna atakayewakata mbalimbali.

Nyumba ya zamani haikubomolewa Jumamosi ile. Ilibomolewa mwezi wa kwanza, na Mama mwenyewe ndiye aliyesema sasa basi. Krismasi tuliila kwenye nyumba mpya, kuta zake tupu za saruji zinarudisha sauti ya kila mtu, na jalada likiwa chumbani kwake, juu ya ubao wake, limefunikwa kwa leso. Tulipomaliza kula aliniita, akafunga mlango, akalifunua.

"Nyara, mimi nafikiri sana. Mimi siwezi mjua. Hiyo imekwisha." Alisema kama mtu aliyekwisha kuupiga moyo konde. "Lakini yeye anaweza nijua mimi. Shida ni moja. Phiona alinijua hivi." Akagusa yule mwanamke wa mlangoni. "Sasa tazama mimi. Meno hakuna, nywele nyeupe, jicho moja. Nikienda hivi atakimbia. Atasema, huyu mwanamke mzee ni wa nani?"

"Mama..."

"Wewe nauza nguo. Nguo inatoka dunia yote inakuja kwa meza yako. Nitafutie gauni kama hii. Kijani, na maua nyeupe. Kitambaa nyekundu mimi iko nayo. Siku yangu ikifika, munivalishe. Akiona gauni, atajua ni nani anamwita. Kabla ya gauni, mimi siendi."

Nilimwahidi. Ningemwahidi chochote.

Siku hizi kila mtumba ninaoufungua, kabla wateja hawajaniparamia, nainama mwenyewe naupekua hadi chini. Nimeona kijani cha mistari, kijani cha madoa, kijani chenye maua ya manjano. Wenzangu wa sokoni wananicheka, wanasema Wilkister anatafuta dola mifukoni mwa Wazungu. Nawaacha wacheke. Kila nikitoka Busia kurudi Kisoko, Mama anasikia hatua zangu, ananiuliza toka kitandani kama nimelipata, nami namwambia bado, Mama. Na kweli bado. Natafuta kwa mikono miwili, Mungu ananiona, na kila ninapofika chini ya mtumba bila kuliona, namshukuru.